Nilivyolakiwa Kijijini kwa Babu

Mwanangu Zuhura,

Ami yako huku Oman ni mtu mkubwa, usinione hivi. Juzi nimetoka Maskati, nikapanda majabali siku mbili juu ya punda hadi kijiji cha babu yetu, na kijiji kizima kikatoka mbio kunilaki, mpaka vikongwe! Hata mfalme hapokewi vile.

Kule ni mawe matupu na jua, kisha ghafla unaona makomamanga, na mfereji waliouchonga wazee zamani, maji yake baridi kama barafu. Nyumba ya babu imebaki kuta za udongo, paa limekwisha. Nikalitaja jina lake kwa Kiarabu changu cha chuo cha Kurani. Mzee mmoja akaitazama kofia yangu ya Unguja, akasema, "Wewe Mzinjibari," akenda zake. Basi nikakaa mferejini peke yangu, nikatamani baba yako angalikuwapo.

Msalimie sana, na wewe Mungu akupe kila la kheri. Lakini hili usimwambie: wale watu walitoka mbio kwa kuwa nilipofika tu nilitia miguu mferejini, kwenye maji yao ya kunywa. Mimi nikadhani wamemkumbuka babu, nikawa nnawapungia mkono.