Nyumba Yenye Kaburi

Guangzhou,
12 Machi 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, wewe na ng'ombe wako, na kwamba lile goti halikutesi sana na mvua hizi zinazoanza. Mimi sijambo, isipokuwa miguu. Wiki nzima nimezunguka viwanda vya jinzi huko Xintang, mpaka nikifumba macho naona jinzi tu. Barua hii anakuletea Elinami, yule mama wa Moshi mjini anayekuja huku kufunga mizigo. Maadamu simu umeikataa katakata, ukisema unasikia upepo tu, tutaendelea kumchosha yeye.

Baba, nina jambo. Nimefikisha miaka hamsini na sita. Huku mgeni akikaribia sitini kibali cha kazi hakiongezwi kirahisi, hata awe hodari vipi. Na mimi si mwajiriwa wa mtu. Nakagua mizigo ya wanunuzi wa kwetu, nalipwa kwa kontena. Hakuna anayenikatia pensheni kama ulivyokatwa wewe kule ushirikani. Siku nikiacha kutembea, na ugali umeacha kuja.

Kuna kijana wa Kihaya anaitwa Medard, anasomea shahada ya uzamivu ya mambo ya fedha. Jumapili baada ya ibada hutufundisha sisi watu wa mizigo namna ya kujiwekea akiba ya uzeeni. Akaniuliza, "Kaka, nyumbani una nini?" Nikajibu kwa majivuno: nina nyumba ya vyumba sita, Marangu, kando ya lami. Akaniuliza inanilipa nini. Nikaanza kuhesabu. Nyumba ile ndiyo inayonila mimi: mlinzi, umeme, rangi. Krismasi tunaifungua, tunachinja, tunacheka, Januari inafungwa na panya wanakabidhiwa.

Nataka kuiuza, Baba. Fedha nitanunulia hati fungani, yaani naikopesha serikali, inanilipa riba mara mbili kwa mwaka, na muda ukiisha inanirudishia mtaji wangu. Hiyo ndiyo itakuwa pensheni yangu. Naomba baraka zako.

Mwanao,
Heriel

*

Marangu,
20 Aprili 2024

Mwanangu Heriel,

Tunashukuru Mungu tupo. Goti ni lile lile, nimeshalizoea kama mtu anavyozoea jirani mbaya. Mvua imeshika vizuri, ndama amezaliwa, jike. Wewe unakula? Elinami anasema umekonda.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikafuta miwani kwanza, nikidhani macho ndiyo yamekosea. Hee! Uuze nyumba? Hizo hati fungani zina bati? Zina mlango, mtu apige hodi? Watu wakipita barabarani wanasema, "Pale ni kwa Heriel, yuko China." Kesho waseme nini? Heriel anaishi kwenye karatasi? Ulifikiri nilivyokuwa nagombana na mafundi juu ya saruji nilikuwa natafuta mazoezi?

Tena kuna neno nililokuwa nalitunza nikuambie ukija. Mimi nimeshachagua pa kulala. Sitalala kihambani, kwenye migomba ya babu zetu. Nataka nizikwe kwako, pale kwenye nyasi mbele ya baraza. Wazee wa ukoo nimeshawaambia. Kwa hiyo nyumba haiuzwi, tumemaliza.

Huyo Mhaya msalimie sana. Mwambie na mimi nina pensheni, inatosha chumvi na kiberiti, kama ana somo la kuikuza aje.

Baba yako

*

Guangzhou,
2 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za ndama. Nakula, usimsikilize Elinami, yeye kwake mtu asiye na kitambi ni mgonjwa. Huku joto limeanza, mashati yanaganda mgongoni.

Neno lako limenikosesha raha. Baba, Mama yuko kihambani. Yuko kando ya mfereji, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe, na wewe kila Jumamosi unakwenda kupalilia pale, unakaa unamsimulia habari za mtaa. Nimekuona kwa macho yangu. Leo umwache pale peke yake, wewe uje ulale kwenye nyasi zangu kando ya malori? Kwa nini?

Na tuseme ukweli. Hakuna anayenunua nyumba yenye kaburi. Wewe unajua, mimi najua, dalali anajua zaidi yetu. Ukishazikwa pale, ile nyumba ni yako milele na mimi sina uzee. Dalali amempata mama mmoja wa Arusha, anataka kuifanya nyumba ya kulala wageni wanaopanda mlima. Atakuja kuitazama mwezi wa nane. Tafadhali mfungulie, mpe chai.

Jana nilikuwa mtaa wa Guangyuan Xilu, katikati ya wapagazi na marobota, mvua ikanyesha ghafla. Nikajibanza mlangoni mwa duka la viatu. Sijui ilikuwa harufu gani, udongo au nini, lakini nilijiona niko jikoni kwa Mama, mtori wa ndizi uko motoni, na wewe unagonga matope ya viatu kwenye kizingiti. Mwenye duka ikabidi aniguse bega, nilikuwa nimemzibia wateja.

Mwanao,
Heriel

*

Marangu,
9 Septemba 2024

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ndama anakua. Nina habari njema: nimejenga.

Nilijiambia, Heriel ni mtu wa kusahau, nikifa atanunua tiketi kwa kuchelewa na watu watanizika popote. Basi nimelijenga kaburi langu mwenyewe, kwako, mbele ya baraza. Tofali za kuchoma, na pembeni nimebandika vile vigae vyeupe vilivyobaki bafuni kwako. Fundi alinisihi nisiingie, nikaingia. Nimelala mle kujipima. Natosha vizuri, isipokuwa goti.

Yule mama wa Arusha alikuja. Mwanamke mwenye heshima sana. Akasifu madirisha, akasifu hewa, chai akanywa vikombe viwili. Halafu akatoka barazani, akaniuliza, "Mzee, hili ni tangi la maji?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Unafuga samaki?" Nikamwambia, "Mama, hapa nitalala mimi, karibu uangalie." Hakumaliza hata kuaga. Alivyogeuza gari amenikanyagia maua yote ya getini.

Nadhani hatarudi. Basi mambo ya kuuza tuyaache sasa. Krismasi njoo uone vigae.

Baba yako

*

Guangzhou,
1 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima.

Nimeisoma barua yako nimesimama, ghalani, na nimeshindwa kumaliza kazi ya siku hiyo. Umenicheka. Mnunuzi mmoja, niliyemtafuta kwa miezi, umemfukuza kwa vigae vyangu mwenyewe. Unasema umejenga kaburi lako. Si lako, Baba. Ni langu. Umenizika mimi huku huku China, nitembee kwenye viwanda vya jinzi mpaka nianguke, kwa sababu wewe unataka lami.

Krismasi sitakuja.

Heriel

*

Guangzhou,
26 Januari 2025

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Krismasi imepita sikuja, mwaka mpya umeingia, na wewe hukuandika neno. Elinami alirudi mikono mitupu. Nilimuuliza, "Baba amesema nini?" Akasema ulimpa ndizi za safari, ukamuuliza habari za watoto wake, basi. Mimi hukunitaja. Hapo nikajua nimekuumiza.

Huku ni siku za mwisho kabla ya mwaka mpya wao. Viwanda vimefungwa, kila mtu anakimbilia kwao. Stesheni ya Liuhua imejaa watu wazima wenye mabegi makubwa na zawadi za wazazi, na mimi nimesimama nawatazama kwa wivu mtupu. Siku hizi huwa wanafungua masoko ya maua. Nikaenda kupoteza muda, na Baba, nimekuta masale! Yale yale majani yetu ya kuombea msamaha. Yamepandwa kwenye vyungu, yamefungwa utepe mwekundu, yanauzwa kama pambo la kuleta baraka sebuleni. Nilisimama kama mwehu. Muuzaji akadhani naona ghali, akawa anateremsha bei mwenyewe, mara ya kwanza, mara ya pili, na mimi machozi yananitoka.

Nilinunua chungu kimoja, nimekata jani moja, nimelifunga fundo kama alivyonifundisha Babu, na Elinami atalikabidhi mkononi mwako. Najua isale huletwa na mkosaji mwenyewe au mtu mzima wa ukoo. Lakini mtu wangu mzima huku ni Elinami. Na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba aliyepelekewa isale hakatai kusamehe. Nisamehe maneno yale.

Kaburi sikuombi ulibomoe. Nataka tu uelewe. Baba, siuzi nyumba ili nibaki huku. Nauza ili nirudi. Nimechoka kuwa mtu wa Krismasi. Nataka niamke na umande, niende na wewe kufungua maji ya mfereji siku ya zamu yetu, tugombane na jirani aliyeiba zamu. Nataka kunusa kahawa ikichanua baada ya mvua. Nataka kiburu cha ndizi na maharage, siyo cha sikukuu, kile cha Jumanne kilichoungua chini. Lakini nyumba itanikaribisha tu, haitanilisha. Nikirudi na funguo peke yake, nitakaa kwenye vyumba sita nikingoja unigawie ile chumvi yako. Hati fungani zikinilipa, nitakuja tuishi wote kihambani. Nyumba ya zamani inatutosha.

Nakupenda, Baba. Sijawahi kukuambia, basi lisome kwenye karatasi.

Mwanao,
Heriel

*

Marangu,
3 Machi 2025

Mwanangu Heriel,

Pokea salamu zangu. Mimi mzima, na leo mzima kuliko jana.

Isale nimelipokea kwa mikono miwili, Elinami ni shahidi. Lilikuwa limenyauka kwa safari, lakini isale ni isale. Nimekusamehe palepale mlangoni. Na wewe unisamehe, kwa sababu sasa nitakuambia.

Unadhani mimi napenda kulala kando ya lami, malori yanipigie honi? Mimi nataka kulala kando ya mama yako. Nimemwahidi. Jumamosi zile zote, tangu nijenge lile kaburi, nilikuwa nakwenda kumwelezea, na kila nikimwelezea naona aibu. Lakini nilitazama vijana wa hapa. Baba anazikwa kihambani, wanakuja na magari, wanalia kweli, wanamwachia mdogo wao kihamba, na ndiyo mwisho wa kuwaona. Na wewe kila mwaka ulisema utarudi moja kwa moja mwakani. Nikasema, nikilala uani kwake, hataweza kuuza, hataweza kusahau. Atakuja, hata kama ni kung'oa majani juu yangu. Nilikuwa nimetega mtego, mwanangu, na chambo ni mimi mwenyewe.

Kumbe unauza ili uje nikiwa hai! Sasa kwa nini hukuanza na neno hilo? Ukaanza na riba!

Kaburi nimelifukia. Wazee walisema kaburi lililokwisha kuchimbwa halifukiwi tupu, litadai mtu, kwa hiyo tumeweka shina la mgomba, tukalizika kwa heshima zote, na mchungaji akapita kwa mbali akijifanya hakutuona. Vigae nimevibandua, viwili tu vimevunjika. Dalali amemrudisha yule mama. Alizunguka baraza yote akitafuta, akaniuliza, "Mzee, mwenye pale yuko wapi?" Nikamwambia mwenyewe amehama. Tulicheka mpaka akashika ukuta. Amekubali bei. Karatasi za wakili nileteeni nitie sahihi ya shahidi.

Wanaopita barabarani waseme wanavyotaka.

Baba yako

*

Guangzhou,
30 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima kabisa, hata miguu.

Nyumba imeuzwa, na fedha zimekwisha kuingia kwenye hati fungani. Sehemu kidogo imebaki benki, Medard alisisitiza, kwa sababu ugonjwa haungoji tarehe ya riba. Riba ya kwanza italipwa Novemba. Si nyingi ya kujitapa nayo, lakini inakuja hata nikiwa nimeketi. Nilipomwonyesha Medard barua yako aliisoma mpaka mwisho, halafu akasema somo la Jumapili ijayo afadhali ulifundishe wewe.

Wanunuzi wangu nimemkabidhi Kioko, yule Mkenya mwaminifu. Jana nilikwenda Xintang kuagana. Bosi wa kiwanda cha kwanza nilichowahi kukikagua, laoban kama wanavyomwita huku, sasa nywele nyeupe, alinishika mkono hakuuachia. Tulikuja kuwa marafiki kwa kugombania mishono. Akaniuliza nakwenda kufanya nini huko. Nikamwambia naenda kukaa na baba yangu. Akatikisa kichwa, akasema baba yake yeye alikwishafariki. Sikutegemea kwamba ningeuonea uchungu mji huu, lakini nauona. Sehemu kubwa ya maisha yangu imepita hapa, nikiitazama saa ya nyumbani.

Tiketi nimekata, ya kwenda tu. Elinami anatangulia na barua hii, mimi nafuata siku chache baada yake.

Safari hii usinijibu, Baba. Barua yako haitanikuta.

Mwanao,
Heriel