Helmeti Iliyokutwa Nzima

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Barabara ya Bombo, Kampala
Jumanne, tarehe 15 Machi 2022
Jina: Phelister Awino
Umri: Miaka 36
Kazi: Fundi wa kushona mapazia, Bwaise
Makazi: Kawempe
Uraia: Mkenya
Uhusiano na aliyeumia: Mke

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Natoa maelezo kuhusu mwanamke mnayemshikilia tangu Jumamosi, Darlène, Mkongo wa Bukavu anayeuza vitenge Old Kampala. Anashukiwa kumpiga mume wangu Sylvanus jiwe la kichwa. Afande Okeny ameniambia niseme yale niliyoyaona tu. Nitajaribu, lakini yalipitia moyoni kabla ya kufika mdomoni, kwa hiyo mtayapata na uchungu wake. Mficha uchi hazai.

Sylvanus ni mtunza stoo katika kiwanda cha rangi. Kwa miaka miwili sasa, kila Jumamosi yeye na wenzake hutoka na baiskeli zao za matairi mapana kutafuta njia zisizo na magari. Hupita nyuma ya Matugga kwenye barabara za murramu nyekundu zisizo na lami, katikati ya mashamba ya kahawa, wakaingia msituni, wakatokea kwenye nyika ya nyasi ambako, anavyosema, husikii kitu ila mnyororo wa baiskeli yako. Akirudi anaoga, anakula, halafu ananihadithia. Njia ile naijua kona kwa kona na sikuwa nimeikanyaga. Nilimwomba anipeleke hata mara moja. Alisema nitachoka.

Darlène hakuambiwa atachoka. Alijiunga na kundi lao mwaka jana. Sylvanus hakunificha jambo, na angenificha ningefurahi, ningekuwa na pa kushika. Alimtaja mezani waziwazi. Darlène amepanda kilima bila kushuka. Darlène ameziba pancha mwenyewe. Jina hilo lilipikwa na kupakuliwa nyumbani kwangu. Wanasema dalili ya mvua ni mawingu, na mimi mawingu niliyaona mpaka ndani ya sahani. Naona wivu, afande aandike hivyo hivyo. Hata baiskeli yenyewe niliionea wivu, maana kila Ijumaa inafutwa kwa kitambaa laini na mimi naulizwa kitambaa kiko wapi.

Mnamo tarehe 12 Machi, siku ya Jumamosi, kulikucha mvua imenyesha usiku kucha. Wenzake walipiga simu kusema hawaendi. Yeye akaanza kujaza upepo. Nikamuuliza, "Unaenda na nani?" Akasema, "Na Darlène, kama atakuja." Alisema hivyo bila kuinua kichwa. Alipotoka tu nilifunika cherehani, nikampigia Faruk, bodaboda anayenibebea vitambaa.

Faruk alinishusha mahali barabara ya murramu inapoishia na msitu unapoanza, kama saa tatu na nusu asubuhi. Akaniambia, "Nnyabo, huko ndani hakuna duka, hakuna watu. Unaenda fanya nini?" Nikamjibu naenda kutafuta kuni. Aliangalia zile alama mbichi za matairi kwenye tope, akaniangalia mimi, akasema, "Kuni ya baiskeli." Nilivua viatu nikaingia.

Ni pazuri kule, sitasema uongo. Kuna kivuli cha baridi, kuna ndege, na ardhi haina takataka hata moja. Hilo liliniudhi zaidi, kwa sababu ningekuta pabaya ningerudi zangu. Nilijua hupumzika juu ya mteremko mkali kabla ya kushukia nyikani. Wao huzunguka kilima kizima kufika hapo. Mimi nilipanda moja kwa moja nikiwa nimeshika mizizi, nikajificha nyuma ya magogo ya mikaratusi yaliyopangwa kusubiri lori. Kutoka hapo hadi waliposimama ni kama kutoka meza hii hadi geti la kituo.

Walikuja wakihema na wakicheka. Darlène akasema, "Papa Sylvanus, tosha kofia. Tusali kwanza mbele tushuke, mulima iko na utelezi leo." Sylvanus akavua helmeti yake, akaitundika kwenye usukani wa baiskeli. Darlène alibaki na yake kichwani.

Hapa naomba polisi waandike vizuri. Nimewashonea Wakongo wanaosali na Darlène mapazia ya chumba chao cha sala pale Bwaise. Kwao mwanamume hasali amefunika kichwa, na mwanamke hasali kichwa wazi. Mlangoni nimeona wanaume wakiambiwa wavue kofia, na mimi mwenyewe niliazimwa kitambaa nikiwa juu ya ngazi napima dirisha. Siku hiyo helmeti ilimfaa Darlène kama kitambaa. Ndiyo sababu yeye alikuwa nayo na mume wangu hakuwa nayo.

Sikuyawaza hayo wakati ule. Nilipoona helmeti imevuliwa na mikono imeshikana, nilisema moyoni, haya, kumekucha. Nikangoja busu. Busu halikuja. Walifumba macho wakasali kwa sauti, wote wawili kwa wakati mmoja, kila mtu na lake, na sala ya Wakongo si fupi. Sylvanus ninayemjua mimi, tukiwa mezani, husema "Asante Mungu, amina" kijiko kikiwa tayari mkononi. Pale alisali mpaka akalia. Nilimsikia akimtaja mama yake, ambaye tulimzika Siaya mwezi wa kwanza. Mazishini hakutoa chozi. Nilimshika bega siku hiyo, akaniambia niende nikaangalie wageni kama wamekula. Nasema jambo hili waziwazi, afande: busu lingeniuma kidogo kuliko hilo.

Walipomaliza, Darlène alipanda baiskeli kwanza. Alisema, "Unifuate mupole." Akateremka. Sylvanus alibaki akifuta macho kwa kiganja, kisha akarukia baiskeli kwa haraka, nadhani asiachwe mbali. Helmeti ilikuwa bado inaning'inia kwenye usukani. Nilikuwa nawaona wote wawili. Darlène alikuwa amekwisha fika chini kabisa, amempa mgongo. Gurudumu la mbele la mume wangu likaingia kwenye mfereji uliochimbwa na mvua, likanasa. Baiskeli ilisimama, yeye hakusimama. Aliruka juu ya usukani, kichwa kikapiga jiwe. Hakuna mtu aliyemgusa.

Nilitoka mafichoni nikipiga kelele. Darlène alisikia, akatupa baiskeli yake, akapanda mlima mbio. Aliniona. Hakuniuliza nimetokea wapi wala nafanya nini kule. Alipiga magoti, akasema, "Mama Phelister, kimbia uite batu. Mi nabaki naye." Nilipogeuka kukimbia alikuwa anainua kichwa cha Sylvanus ili atoe lile jiwe chini yake.

Niliwakuta wapasua mbao ng'ambo ya kilima. Walikimbia kuliko mimi, wakafika kabla yangu. Nilipofika walikuwa wamekwisha mkamata. Walimkuta na jiwe mkononi, damu mpaka viwikoni, mwanamume amelala kichwa wazi, na helmeti ya mwanamume huyo iko kwenye baiskeli, nzima, haina hata mkwaruzo. Mmoja wao alisema amemuua. Walimfunga mikono kwa kamba ya magome. Darlène hakupiga kelele. Aliniangalia tu, akingoja niseme. Mimi niliinama kwa mume wangu, sikusema kitu.

Jioni hiyo, hospitalini, askari aliniuliza kama niliona Sylvanus akianguka. Shemeji yangu Nashon akajibu kabla sijafungua mdomo: "Shem alifika baadaye. Hakuona kitu." Sikumsahihisha. Nimeambiwa Darlène alieleza hapa kwamba nilikuwepo na niliona yote, na Nashon akasema Mkongo huyo ni mwongo. Darlène hakusema uongo.

Nashon alinivuta kando, kwenye korido. Aliniambia, "Wawili msituni, mmoja ana helmeti, mwingine hana. Hao walikuwa wamekaa kitako, wakagombana, akamgonga. Na wewe ukisema ulikuwa umejificha kwa magogo, Kawempe yote itakucheka. Nyamaza tu. Watamfunga ama watamrudisha kwao, na utapata bwana yako." Nakiri maneno hayo yalikuwa matamu. Nililala nayo Jumamosi na Jumapili, na jana pia nilikuwa bado nayatafuna. Nilimwona kwa mawazo huyo mwanamke akipandishwa basi la kwenda mpakani, na mimi nikipakua chakula nyumba imetulia. Kule kwao vita havijaisha, najua. Nilijua hata nilipokuwa namwona ndani ya basi.

Leo asubuhi, kama saa mbili, Sylvanus alifumbua macho. Daktari amekataza asihojiwe na mtu, na yeye mwenyewe hakumbuki vizuri yaliyotokea mlimani. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani kwake na kikombe cha uji. Aliniangalia sana. Halafu akauliza, "Darlène naye alianguka?"

Hakuuliza yuko wapi. Hakutaja jina langu. Nilimwambia, "Hakuanguka. Yuko kwake, ni mzima." Uso wake ulilegea, akafumba macho, akalala usingizi wa kweli, wa kwanza tangu Jumamosi. Nimeishi naye miaka kumi na moja na kabla ya leo sikuwahi kumtazama usoni nikamwambia uongo. Niliweka uji chini nikaja hapa.

Simpendi Darlène. Sitaki kuombwa nimpende. Hata sasa nikitamka jina lake naona ile mikono yao. Lakini hakumpiga mume wangu, na nataka awe kwake kabla Sylvanus hajaamka tena.

Niliyosema ni yale niliyoyaona mwenyewe na kuyasikia mwenyewe. Hakuna aliyenituma, na aliyetaka kunizuia nimemtaja. Nimesomewa yote kwa Kiswahili, sina la kuongeza wala kupunguza, natia sahihi.

(Sahihi) Phelister Awino

MAELEZO YA AFISA: Nimeyachukua mimi, Sajini Okeny, kwa Kiswahili, lugha ambayo shahidi na mimi tunaielewa. Bodaboda Faruk amepigiwa simu na kuthibitisha kwamba alimshusha shahidi msituni siku na saa aliyotaja. Mshukiwa alihojiwa tena peke yake kuhusu helmeti, akaeleza habari ya sala kwa namna ile ile. Mkuu wa kituo ameagiza aachiliwe leo. Nilimwambia shahidi angoje ili aonane na mshukiwa. Alikataa, akaomba mshukiwa atolewe baada ya yeye kuvuka geti na kupotea barabarani. Imefanywa hivyo.