Amina ya mwenyekiti

Shoga, mwenyekiti wa akina mama kanianika leo! Tena kwa maombi, macho yamefumbwa!

Si nilimwambia yeye peke yake, tukiosha vikombe kanisani, kwamba mume wangu ameachishwa kazi na hatutaki mama yake ajue, kwa sababu ya presha?

Leo ibada ilikuwa sebuleni kwangu. Mama mkwe yuko pembeni yangu, kanishika mkono. Mwenyekiti akapaza sauti: "Baba, mkumbuke shemeji yetu, anavaa tai kila asubuhi na kazi hana!"

Anavaa tai! Kwani bila tai Mungu asingemtambua?

Mkono wa mama mkwe ukalegea ndani ya wangu. Nilitamani sakafu inimeze.

Halafu mwenyekiti ananigeukia mimi: "Dada, tufungie kwa maombi." Nikafunga. "Bwana, yupo dada kati yetu asiye na kifua, akiambiwa siri anaigeuza ombi. Mponye."

Shoga, yeye ndiye aliyeitikia "Amina" kwa sauti kuliko wote!

Wameondoka. Mama mkwe ananisubiri jikoni. Kasema, "Sasa niambie wewe, mwanangu, siyo yule kasuku."