Meseji Iliyoingia Kwenye Msiba wa Kiwalani

Jumatano, Kimara. Jua limewaka toka asubuhi kama limetumwa, na mie nina hasira ambazo sitaki mtu anipoze. Wale mnaopendaga kuniandikia "pole mpenzi, yatapita" huko chini, leo naomba mpite kimya.

Kwa aliyefika hapa leo kwa mara ya kwanza: mie na kaka yangu Deo tunakodisha maturubai, viti na masufuria ya shughuli. Tulianza na viti hamsini na kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, ya kuazima. Sasa tuna stoo mbili, magari matatu, na wafanyakazi ambao wengine nayachanganya majina yao. Kila mtu anatupa hongera. Hakuna anayekwambia kwamba biashara ikikua, vitu ulivyokuwa unavijua kwa macho vinaanza kukupotea mbele ya macho hayohayo.

Mwezi uliopita tuliahidi turubai moja kubwa kwa watu wawili, Jumamosi ileile. Sendofu ya kumuaga bibi harusi mmoja wa hapa Kimara ikalipata, kipaimara cha Temeke kikakosa. Bibi wa mtoto wa kipaimara alikula pilau juani, kajifunika kanga kichwani. Nilimwona mwenyewe, kwa sababu mie ndiye niliyekwenda kuomba radhi.

Ndiyo tukakubaliana kununua mfumo wa kompyuta. Upi? Hapo ndipo tulipoanza kununiana.

Mie nilitaka mfumo wa kuendesha kazi: turubai gani liko wapi, gari gani limetoka, viti vingapi vimerudi, Jumamosi ijayo tumeshamwahidi nani. Deo alitaka mfumo wa wateja: unatunza majina na namba, unatuma shukrani, unamkumbusha aliyepotea kwamba bado tupo. Yote miwili tusingeimudu, si kwa fedha wala kwa akili. Kwa hiyo kila mmoja akaja na muuzaji wake.

Wa kwangu alikuwa dada mmoja mpole, anaongea taratibu, hana mbwembwe. Wa Deo anaitwa Elibariki. Alikuja na suti, Kimara, saa nane mchana, akasema, "Sista, mteja ni mfalme," halafu akanyamaza ili tushangae. Nilimchukia kabla hajafungua kompyuta yake.

Nilimuuliza swali moja tu. Huo mfumo wako unatofautishaje msiba na sherehe?

Akacheka. "Kwenye mfumo, sista, vyote ni tukio."

Vyote ni tukio.

Rehema, anayepokea simu zetu, kaishia la saba. Lakini mteja akipiga, swali lake la kwanza ni "Kheri au msiba?" na sauti yake inageuka kulingana na jibu. Nilitaka nimwite aje amfundishe kazi yule bwana mwenye suti. Sikumwita. Nilinyanyuka nikaenda stoo, nikamwacha na Deo.

Deo akachukua majaribio ya mwezi mmoja bila kuniambia. Akampa Elibariki daftari la Rehema, namba zote za wateja wetu, za harusi na za vilio, zikamwagwa kwenye kapu moja.

Juzi saa nne asubuhi simu ikaita. Alikuwa Selemani wa Kiwalani. Wiki iliyotangulia tuliwapelekea maturubai na viti kwenye msiba wa baba yake. Ni familia ya watu wa Lindi, wastaarabu sana, viti walivirudisha vimefutwa vumbi kimoja kimoja. Nikadhani kuna kitu wamekisahau kwenye gari letu.

"Dada, mnamtaka nani afe tena?"

Sikuelewa. Akanisomea. Ilikuwa meseji yenye jina la biashara yetu, imeingia kwenye simu ya mama yake, Bi Somoe, mjane:

"Hongera Bi Somoe! Tunaamini tukio lako lilifana. Fanya tukio lingine nasi ndani ya mwezi huu, upate turubai la pili bure!"

Bi Somoe yuko kwenye eda. Macho yake hayaoni herufi ndogo, kwa hiyo alimpa mjukuu wake amsomee. Mtoto akaisoma kwa sauti, kwa ufasaha kama wanavyofundishwa shule, mbele ya wanawake waliokuja kutoa pole.

Nilimwambia Deo ni yeye atakayekwenda kuomba radhi.

"Anitha, mimi mwanaume. Mama wa watu yuko eda, naingiaje?"

Ni kweli. Ila alilisema haraka mno, kama mtu aliyefunguliwa mlango. Elibariki naye kwenye simu akasema, "Pole sana sista, ni changamoto ndogo ya kimfumo." Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, maana mchungaji wangu anasoma humu.

Jana nikaenda peke yangu. Nilibeba mchele na sukari. Uani walikuwepo wanawake kama kumi, wanachambua mboga na kuzungumza. Nilijitambulisha. Nikaingizwa chumbani. Bi Somoe alikuwa ameketi mkekani, kajitanda kanga, mdogo zaidi ya nilivyomkumbuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Hakuniambia nikae. Nikapiga magoti. Nikaanza yale niliyoyapanga njia nzima, kwamba tunasikitika, kwamba mashine imekosea. Akapapasa chini ya mto, akatoa simu, akanipa.

"Isome."

"Mama, naifahamu."

"Hao wote uani walimsikia mjukuu wangu. Sasa wamsikie mwenyewe. Paza sauti."

Nikasoma. Nilipofika kwenye "lilifana" nikakwama, nikaanza upya, nikamaliza. Hakuna aliyenionea huruma, na sikustahili.

"Nani kaandika maneno haya?"

"Kaka yangu, mama. Mie sikujua kabisa." Lilinitoka hata kabla sijameza mate.

Akatikisa kichwa kidogo. "Mwambie kakaako, arobaini ya mume wangu tutachukua vitu kwa watu wengine. Wewe umekuja, ahsante. Nenda."

Nimerudi Kimara nikiwa na moto. Usiku mzima natunga maneno ya kumwambia Deo, na leo mchana nimemwambia yote. Kwamba ametudhalilisha. Kwamba ameuza vilio vya watu kwa mtu wa suti. Kwamba mfumo wake unaondoka leo hii na asinijibu.

Akanijibu. Hakupandisha hata sauti, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Wewe unaangalia viti vinavyopotea, mie naangalia watu. Familia ngapi tulizikana nazo, tukawaozea na mabinti, siku hizi wanapiga simu kwa yule mkodishaji wa Mbezi? Kiti kikipotea unanunua kingine."

Kisha akatoa simu yake, akafungua grupu letu, lile lenye watu wawili tu, mie na yeye. Akapandisha juu, akapandisha tena, akaniwekea mbele ya uso.

Ni meseji yenyewe, neno kwa neno, ila penye jina la mteja pameachwa wazi, imetumwa wiki tatu zilizopita. Juu yake Deo ameandika: "Anitha, huyu jamaa anataka kuanza majaribio. Maneno haya yako sawa? Wewe ndiye mwenye lugha. Nijibu kabla hajayaweka."

Chini yake kuna dole langu. Dole la njano, limesimama, kwamba sawa, endelea.

Naukumbuka mchana ule. Yule dada mpole alikuwa ananionyesha jinsi turubai linavyobadilika rangi kwenye kioo cha kompyuta likitoka stoo, na mie nilikuwa nafurahia kama mtoto. Simu ililia, nikaona ni Deo, nikajua ni habari za Elibariki, nikabonyeza dole ili asinisumbue. Sikusoma hata neno moja.

Nimerudi kusoma nilichoandika hapo juu, kwamba Deo hakuniambia. Sitakifuta. Kikae hivyohivyo, mwone jinsi mtu anavyoweza kuwa na uhakika.

Hata hivyo tumeamua. Tumechukua mfumo wa kuendesha kazi. Yule dada amekubali kutuwekea kisanduku cha kwanza kabisa, kheri au msiba, na kisipojazwa oda haipokelewi. Wateja atawapigia Rehema kwa mdomo wake, na waliofiwa hawapigiwi mpaka watutafute wenyewe. Deo amekubali bila kubisha. Amemwambia Elibariki basi, amelirudisha daftari, kisha amechukua gari kwenda Temeke kukusanya viti, kazi ambayo si yake. Hatujasemeshana tena.

Sijamwomba radhi. Kabla hajaondoka nilifungua mdomo mara mbili, nikamuuliza kuhusu mafuta ya gari.

Lakini Deo ni wa nyumbani, nitampata tu. Mwenye kunisumbua ni yule mama. Nilipiga magoti mbele ya mtu aliyefiwa, na swali moja aliloniuliza nikalijibu kwa uongo, nikamtupia ndugu yangu, na yeye akaniamini hadi akanishukuru kwa kuja.

Kesho asubuhi narudi Kiwalani. Sipeleki sukari. Nitamwambia, "Mama, juzi nilisema ni kaka yangu. Maneno yale nililetewa mie, nikayapitisha bila kuyasoma."

Na akiniuliza kama nilikuja kumwomba radhi au kujisafisha, nitamjibu nini?