Ukuta Haujafika Juu

Jumamosi, 8 Machi 2025

Nimefanya. Nimeongea na mtu. Dakika hamsini, stoo, nimekaa juu ya gunia la mahindi, simu nimeiegemeza kwenye ndoo ya unga. Lutengano alikuwa dukani kwake Mwanjelwa, anauza spea. Mume wangu huyo Jumamosi harudi kabla ya saa kumi na mbili.

Mshauri anaitwa Esther Budeba. Yuko Iringa mjini, wateja wake anaongea nao kwa simu tu. Kanisalimia "Kamwene", salamu yetu ya Kihehe, kwa lafudhi ya Kisukuma, nikacheka, na kabla sijamaliza kucheka nikaanza kulia. Aibu! Nikamweleza lile basi la Januari, nilipokuwa natoka nyumbani Kalenga kurudi huku Mbeya. Lilivyolala ubavu kabla ya Makambako. Mimi nilitoka na mkwaruzo wa kiwiko. Mama niliyekaa naye siti moja hakutoka. Alikuwa amenipa chungwa.

Tangu hapo moyo unaanza tu wenyewe. Unakimbia, vidole vinakufa ganzi, pumzi haiingii. Mara ya kwanza nilikuwa ubaoni, mbele ya Darasa la Saba. Nikasema malaria. Mpaka sasa nimeshaumwa malaria mara nne, mwalimu mkuu anashangaa huyo mbu anaishije na baridi ya Mbeya.

Esther akaniuliza nani mwingine anajua. Hakuna. Lutengano ana shangazi yake ambaye zamani walisema kichwa chake si kizima. Mumewe akamrudisha kwao, nguo zote kwenye kiroba. Hadithi hiyo wanaisimulia mpaka leo, na wanacheka. Mimi sirudi Kalenga na kiroba. Bora nife na malaria yangu.

Jumatano, 12 Machi

Baba mkwe kaja. Mzee Andendekisye, katoka Tukuyu. Ana sukari, kidonda cha mguu kinatakiwa kuonwa hospitali kila wiki. Atakaa mwezi, labda zaidi. Kapewa chumba kinachopakana na stoo.

Sisi Wahehe tuna heshima zetu, lakini hii ya Wanyakyusa ni kali! Mkamwana na baba mkwe hawaonani. Simtazami, hanitazami, hatusemeshani. Akitaka kutoka anakohoa mara mbili, mimi nakimbilia jikoni na kufunga mlango. Chakula naweka kwenye stuli koridoni, nagonga kifuniko cha sufuria, naondoka, ndipo anatoka kuchukua. Miaka sita ya ndoa, sura yake naijua kwa picha.

Nimewaza sana, vikao vyangu nitafanyia wapi sasa? Halafu nikajiona mjinga. Si stoo ile ile! Mtu pekee atakayekuwa karibu ni yule asiyeruhusiwa kunikaribia. Nimuogope nani?

Jumamosi, 15 Machi

Zoezi la pumzi. Vuta kwa kuhesabu nne, toa kwa kuhesabu saba. Kwa sauti, Esther anasisitiza, usihesabie kichwani. Haya. Nimehesabu kama mtoto wa chekechea.

Mvua ilikuwa inapiga bati, nikajiachia. Nikasema yote. Chungwa. Kiatu cha yule mama. Kwamba nilipokuwa napanda kutokea dirishani nilimkanyaga, na sijui kama alikuwa bado hai. Hilo sijawahi kumwambia mtu, hata padri. Nilimkanyaga.

Mvua ikakatika ghafla, mimi bado napaza sauti.

Jumamosi, 22 Machi



Katikati ya kikao redio ya mzee ikafunguliwa. Kwaya, sauti mpaka mwisho! Nikamwambia Esther huyu mzee ana makusudi. Haijapita dakika mbili — geti. Lutengano, kasahau daftari la oda. Akaingia, akanywa maji, akamfokea baba yake kupitia mlangoni kwamba hiyo redio itapasuka. Akaondoka. Geti likafungwa.

Redio ikazimwa hapo hapo.

Nikabaki na simu mkononi. Nikainua macho. Ukuta wa stoo haujafika juu. Tulihamia nyumba haijaisha, dari tukasema mwakani, na huu ni mwaka wa tatu. Kati ya kitanda chake na mdomo wangu ni matofali, halafu hewa tupu.

Amesikia. Tangu tarehe 15 amesikia kila kitu. Alimwona mwanawe kupitia dirishani, akaifunika sauti yangu kwa redio. Au alitaka tu kwaya yake? Siwezi kumuuliza. Na yeye hawezi kukiri kwamba anasikiliza sauti ya mkamwana wake. Hiyo ni aibu yake, kubwa kuliko yangu.

Jumatatu, 24 Machi

Baba na mwana wameongea mlango umefungwa, Kinyakyusa, nusu saa nzima. Nimeunguza maharage. Nikamuuliza Lutengano walikuwa wanasemaje. Mguu, akanijibu, huku anafunga kamba za viatu.

Alhamisi, 27 Machi

Nimemwandikia Esther kwamba basi, naacha. Akanipigia wakati wa mapumziko, nikaongelea nyuma ya vyoo vya shule. Anataka nimwambie mume wangu kabla hajaambiwa. Kwake ni rahisi kusema, yuko Iringa! Nikamkatia simu. Nimejisikia vibaya mchana kutwa.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika chooni. Komeo nimeweka. Daftari lilikuwa mfukoni mwa sweta, afadhali.

Esther nilimsevu "Fundi Nguo". Asubuhi nafua, simu nimeiacha mezani. Meseji ikaingia: "Pole kwa juzi. Leo saa tisa, ukipata nafasi ya kuwa peke yako, nipigie." Lutengano kaisoma. Hakwenda dukani. Kanisubiri sebuleni mpaka nimalize kuanika, shati la mwisho nimelianika mara tatu.

Akaniuliza polepole, na huo upole ndio ulionitisha.

"Fundi gani wa nguo anataka uwe peke yako?"

Akataja yote. Bando linaloisha kila Jumamosi. Macho mekundu. Nguo za huyo fundi, ambazo hajawahi kuona hata moja. Nafasi ya kusema nilikuwa nayo, mdomo nikafungua kabisa. Kikanijia kile kiroba. Nikaufunga. Akasema basi, atampigia mwenyewe huyo mwanaume, na ataweka spika nisikie.

Ikaja. Vidole, kifua, masikio. Nikashuka mpaka sakafuni. Lutengano akaniambia niache maigizo.

Mzee akakohoa mara mbili. Miguu ikataka kukimbilia jikoni, haikunyanyuka. Lakini mlango wake haukufunguka. Nikamsikia akiwa huko huko ndani, sauti nzito, bila haraka:

"Moja. Mbili. Tatu. Nne."

Akatulia. Akaanza tena moja, safari hii mpaka saba.

Sauti hiyo haijawahi kuelekezwa kwangu. Nikavuta naye, nikatoa naye. Mara moja alikosea akaishia sita, akarudi akaongeza ya saba. Lutengano kasimama, simu inaita mkononi, anatazama mlango wa baba yake, ananitazama mimi. Akamuuliza anahesabu nini. Mzee aliendelea tu kuhesabu.

Simu ikapokelewa. Esther, kwenye spika: "Kamwene, Rozalia. Leo umewahi."

Nikainuka, nikakimbilia huku.

Sasa wanaongea, mmoja koridoni, mmoja chumbani. Kinyakyusa changu ni cha sokoni. Nasikia jina langu. Nasikia Makambako. Nasikia "chungwa", mzee kalitaja kwa Kiswahili. Anamwambia yote! Halafu nasikia jina la yule shangazi, na sijui ni nani kati yao kalitaja.

Hatua. Si za mzee, yeye anaburuta mguu. Zimesimama hapa mlangoni. Hajaniambia nifungue. Anapumua tu, namsikia. Halafu kauliza, na kwa sauti yake siwezi kujua kama ana hasira au vipi:

"Pumzi ya kutoa ni mpaka ngapi?"

Mkono wa kushoto uko kwenye komeo.