Nyumba ya Viti Viwili

Jumatatu, 6 mwezi wa tano

Daftari, usinikasirikie. Tangu Asha azaliwe sijakugusa. Sasa hivi ananyonya, mukono mumoja njo unaandika. Sombe, majani ya muhogo, iko motoni.

Salima amekuja tena. Binti wa jirani, anauza vitenge sokoni. Anatafuta kazi kwa wageni, na wageni wanapima kwanza Kingereza. Bwana yangu anamufundisha. Wakati wa vita, bwana na watu wa kwao walikimbilia Tanzania, njo kule alikijua. Sisi tulikimbilia pori la Pangi. Kule nilijua kunyamaza.

Nyumba iko na viti viwili. Kimoja cha bwana, kimoja cha Salima. Mimi jikoni.

Jumatano, 8

"He" na "she". Kwetu ni "yeye" tu, basi. Salima anachanganya, anacheka. Bwana yangu anacheka pia. "Pole pole, Salima, rudia." Mimi nikijaribu kutoka jikoni, nikikosea "since" na "for", ananiambia: "Mama Asha, si nilieleza jana?"

Wivu. Niandike hivyo tu.

Alhamisi, 9

Nimejifunza nikipepeta muchele. Much rice. Many children. Mutoto ni mumoja, na nimechoka kama mama wa kumi.

Ijumaa, 10

Kwenye maji wamama wamenichokoza: "Mama Asha, mwenzako hajambo?" Wanataka kusema muke wa pili. Nimerudi na ndoo nusu. Baba mukwe alikuwa na wake watatu. Nimelia karibu na moto. Moshi ukiwa mwingi, hakuna anayeuliza.

Jumapili, 12

Leo nimetoka jikoni, nimeingia kwenye somo. Salima alikuwa bado mulangoni. Nikamupa Asha, nikakaa kwenye kiti chake.

"Baba Asha, nifundishe na mimi. Na kama unatafuta muke wa pili, uniambie kwa Kiswahili."

Asha akakojolea kitenge kipya cha Salima.

"Ee Mama Asha! Mimi na huyu muzee?" Alicheka mpaka akaanguka kwenye mukeka.

Bwana yangu hakucheka. Aliangalia chini. Njo hapo nilijua: kati yao wawili, mumoja alikuwa amefikiri.

Jumanne, 14

Tunasoma watatu. Salima mukekani, Asha kwenye mapaja yake. Anamwimbia "he, she, he, she". Mutoto amemupenda, na mimi kidogo. Bwana yangu sasa anasema "pole pole" na kwangu. Wivu haujaisha.

Asha amelala. Kesho pirogi, mutumbwi wa wasafiri, inashuka muto mpaka Lokandu, kwa baba yangu. Nimemwagiza mwenye pirogi kwa kinywa. Baba alete: kalamu mbili, samaki wa kukauka, kitambaa cha kubebea mutoto. Na kiti kimoja. Cha Salima.

Changu ninacho.