Bega la Nguruwe

Mwello, Jumapili, Julai 1965.

Mvua ya asubuhi imekatika na jua limetoka kali. Karanga tulizoanika uani zinatoa mvuke. Sikwenda kanisani. Baba mdogo yuko kule, amekaa benchi ya mbele, na leo sina moyo wa kukaa nyuma yake saa mbili nikitazama kisogo chake na kujifanya nasali.

Nina hasira. Nimeliandika neno hilo mara tatu na kulikata. Sasa naliacha.

Nguruwe mwitu walihamia kwenye mafunjo ya bondeni tangu mvua za kwanza. Wanatoka kabla ya jua, wanafukua karanga na muhogo mstari kwa mstari, na wanachoacha hakifai hata kwa mbegu. Mitego wanaijua. Mbwa wawili wamepasuliwa matumbo. Basi wanaume tukakubaliana tununue bunduki moja ya kijiji, leseni iandikwe jina langu, kwa kuwa ni mimi niliyepigana Burma. Jeshini ndiko nilikojifunza shabaha, na ndiko nilikojifunza Kiswahili hiki ninachoandikia.

Wakaniambia, wewe ndiye mjuzi, chagua. Nilifurahi kama mjinga.

Tulikwenda Tororo mimi na baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Mhindi mwenye duka alitutolea bunduki tatu. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya kupigia kanga na sungura. Nguruwe dume angeihisi kama nzi. Ya pili ilikuwa ya marisau, zile chembe nyingi zinazotawanyika zikitoka mtutuni. Hiyo ni nzuri mnyama akiwa hatua ishirini, lakini kwenye bonde letu unamwona akivuka uwazi mbali, kisha anapotea. Ya tatu ilikuwa tatu-sifuri-tatu, ya kaliba ileile niliyobeba jeshini miaka minne. Niliiweka begani na mkono ukaikumbuka.

Hapo hatukubishana. Ubishi ulikuja kwenye risasi.

Yule Mhindi aliweka maboksi mawili mezani. Risasi za boksi moja zilikuwa na ncha laini, ile ya kijivu iliyoachwa wazi, ambayo ikimgusa mnyama inatanuka na kumwangusha palepale. Za pili zilikuwa na ncha ngumu, zimefunikwa shaba mpaka mwisho. Hizo zinaingia upande huu na kutokea upande ule, na mnyama anaweza kwenda mbali kabla hajajua kwamba amekufa. Niligusa boksi la kwanza. Sikuwaza mara mbili.

Baba mdogo akaniuliza, mbele ya mwenye duka, hiyo inafanya nini kwenye nyama. Nikamwambia ukweli, kwamba pale inapoingia inachanachana.

"Basi hapana," akasema. "Bega nakuwa uji. Mimi nataka bega mzima, wakwe nakuja."

Kwetu mnyama wa windo akianguka, bega la kulia ni la mkubwa wa ukoo. Hakuna anayeuliza kwa nini. Na Jumamosi ijayo wakwe wanakuja kwake kwa ajili ya binti yake, naye anataka kuwawekea bega lililokaushwa kwa moshi, zima, waone binti ametoka nyumba ya watu. Namwelewa. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba namwelewa.

Mwenye duka alijaribu. "Mzee, hiyo ngumu ni ya nyati na tembo. Kwa nguruwe itapita tu."

"Huyu ni askari," baba mdogo akajibu. "Atapiga shingo."

Mtu mzima mwenye mvi, niliyewahi kuwaamuru watu kwenye mvua ya risasi, nikashindwa kumwambia mzee mmoja kwamba hajui anachokisema. Tukarudi na boksi la ncha ngumu. Njiani akanikumbusha tena, bega, mwanangu, usiniguse bega.

Juzi Ijumaa asubuhi tuliingia bondeni. Wenye ngoma walizunguka upande wa juu kuwafukuza nguruwe, mimi nikakaa kwenye kichuguu, na shemeji yangu Othieno akasimama na mkuki pale kijia kinapotoka kwenye mafunjo. Othieno ni mume wa dada yangu Nyaketcho. Wiki nzima yuko Busia anabeba watu kwa baiskeli kutoka kizuizi cha Uganda hadi kizuizi cha Kenya. Boda mpaka boda, ndivyo wanavyoita wenyewe. Dada alimshonea kiti cha nyuma, cha kitambaa chekundu, ili abiria wasiumie, na abiria wanamchagua yeye kwa sababu ya kiti hicho. Alikuja kusaidia siku moja tu. Karanga za dada zilikuwa zimebaki mistari minne.

Dume lilitoka pembeni, kubwa, nywele za mgongoni zimesimama. Lilivuka uwazi polepole. Bega lilikuwa mbele ya macho yangu kama mlango.

Hapa ndipo kuna jambo ambalo sijamwambia mtu.

Watu wote wanasema risasi ilikuwa mbaya. Mimi mwenyewe nimelisema hilo jana mara kumi, kwa sauti, kwa kila aliyeniuliza. Ni kweli, lakini si kweli yote. Nilikuwa nimeshalenga bega. Shingo ilifichwa na majani. Kidole kilikuwa tayari, nikasikia sauti ya baba mdogo kichwani, na nikasogeza mtutu mpaka shabaha ikawa nyuma ya bega kwa shibiri moja. Shibiri moja tu, ili nimtunzie mzee nyama yake.

Risasi ikapita tumboni na kutoka. Dume halikuanguka. Liligeuka likaingia kwenye mafunjo, na nilipopiga kelele Othieno akimbie, lilikuwa limeshamfikia.

Nilikuwa na risasi ya pili tayari. Sikuipiga. Mtu na mnyama walikuwa wamelaliana, na ile shaba ingempita nguruwe ikamwingia shemeji. Nikasimama na bunduki mkononi kama nimeshika mwiko, nikasikiliza. Wengine ndio waliofika na mikuki wakalimaliza.

Paja limechanwa kutoka gotini kwenda juu. Tulimpeleka Tororo kwenye gari la pamba, dada akiwa amekandamiza khanga yake juu ya kidonda njia nzima. Daktari ameshona alichoweza. Anasema Jumatatu atafungua bandeji, na kama nyama imeanza kuoza mguu utakatwa. Othieno aliuliza swali moja tu, kama mguu mmoja unaweza kukanyaga pedali mbili.

Dada alinifuata mpaka nje ya wodi. Akanishika mikono yote miwili.

"Kaka, asante. Bila wewe kumtoboa yule mnyama kwanza, angemuua mtu yangu."

Nikasema sawa. Nikasema sawa, Mungu wangu, na nikaondoka.

Leo, watu wakiwa kanisani, mama mdogo alikuja na sahani imefunikwa jani la mgomba. Ni kipande cha bega la kushoto. Mzee amesema nami nipate, kwa kazi niliyofanya. Bega lenyewe, la kulia, lilipona, hata alama halina, limetundikwa juu ya moto kule jikoni kwao na linakauka vizuri. Mama mdogo hana kosa, alisimama mlangoni akitabasamu kwa huzuni, akauliza hali ya mgonjwa. Nilipokea sahani kwa mikono miwili. Iko mezani hapa mbele yangu na mafuta yameganda.

Siwezi kuila. Siwezi kuitupa pia, mbwa wataonekana nayo na itakuwa maneno.

Nilidhani nikiandika hasira itahamia kwa baba mdogo yote na kukaa huko. Haiendi. Inafika kwake, inakaa kidogo, inarudi hapa kwenye kiti changu. Yeye alitaka bega. Aliyesogeza mtutu ni mimi.

Kesho naondoka na basi la kwanza. Lile boksi la ncha ngumu narudi nalo dukani, na mwenye duka akikataa kulibadilisha nitamwachia hapohapo mezani. Nguruwe wengine bado wako bondeni. Wa kwanza atakayetoka nitampiga begani, na baba mdogo awe amesimama karibu aone.

Lakini kabla ya duka napita hospitali. Lazima nimwambie Nyaketcho habari ya ile shibiri kabla daktari hajafungua bandeji. Mguu ukikutwa mzima, dada atanishika mikono na kunishukuru tena, na asante ya pili sitaweza kuibeba.